Mnanasi wa kwenye ndoo una miezi 14, hauna dalili ya tunda. Tatizo nini?

kibaraza_tegeta ameuliza:

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua minanasi ya nyumbani. Huu umeoteshwa kwa kishungi (kile kichwa cha majani juu ya tunda) cha nanasi la sokoni, la Kiwangwa kule Bagamoyo, lile ambalo majani yake hayana miiba pembeni isipokuwa karibu na ncha. Una miezi 14. Majani yako 22, na jani refu kuliko yote lina sentimita 46. Upo kwenye ndoo ya lita 10 yenye matundu 3 kwenye kitako, chini ya ukingo wa paa. Jua linaufikia tangu asubuhi hadi kama saa 5, baada ya hapo ni kivuli. Udongo ni wa hapahapa uwanjani, una vijiwe vyeupe vyeupe, na kila mwezi unaongezwa majivu ya jikoni kama mbolea. Maji ni ya kisima, lita moja kila siku asubuhi.

Majani ya katikati yamekuwa ya njano yenye mabaka ya kijani, ya chini bado ni ya kijani. Tunda hakuna. Jirani anasema mnanasi wa kishungi ni dume, hauzai. Fundi wa kuchomelea anasema nidondoshe kabaidi (vile vijiwe vyake vya kutengenezea gesi) moyoni, yaani katikati kabisa panapotoka majani mapya, utazaa. Nimsikilize nani? Na kama ni kuanza upya, mtu anaanzaje vizuri?

udongo_tindikali amejibu:

Jirani achana naye. Mnanasi hauna dume wala jike. Kila ua lina sehemu zote mbili, na tunda linajaa bila hata kuchavushwa. (Ukikuta vimbegu vidogo vigumu vya kahawia ndani ya nanasi, ujue aina mbili tofauti zilichanua jirani na wadudu au ndege wakachanganya chavua.) Kishungi kinazaa kama chipukizi lingine lolote, ila kinachelewa: miezi 18 hadi 24 kabla ya kuvuna kikitunzwa vizuri shambani, na kwenye ndoo miaka 3 si ajabu. Chipukizi linalotoka shinani ndilo la haraka, miezi 12 hadi 18, maana linaanza na akiba kubwa. Vichipukizi vidogo vinavyoota kwenye kikonyo chini ya tunda viko katikati ya hayo mawili.

Fundi hajakosea, amewahi tu. Mnanasi hauchanui kwa sababu umefikisha umri fulani. Unachanua ukishakuwa mkubwa wa kutosha na ukapata kichocheo, ama usiku wa baridi ama gesi. Ukiulazimisha ukiwa na majani 22 ya sentimita 46 utachanua kweli, halafu utapata tunda la ukubwa wa ngumi lenye kishungi kikubwa kuliko lenyewe. Tunda lote hujengwa na chakula kilichomo kwenye majani na shina siku ua linapoanza. Subiri majani 35 hadi 40, jani refu lipite sentimita 70, na upana wa mmea kutoka ncha hadi ncha ukaribie mita moja.

Sasa kwa nini wako umedumaa. Ulivyoeleza, naona makosa manne, na kubwa ni udongo. Hivyo vijiwe vyeupe ni chokaa ya matumbawe. Hapo ndipo wengi wa Dar, Mombasa na Unguja wanapokwama. Mnanasi unataka udongo wenye tindikali, pH (kipimo cha tindikali, namba ikishuka tindikali inazidi) 4.5 hadi 5.5, na hata 6 bado unavumilia. Udongo wa matumbawe unapita 7.5. Juu yake umeongeza majivu, ambayo kazi yake hasa ni kupunguza tindikali. Na visima vingi vya ukanda huo vina maji yenye chokaa, kwa hiyo kila ukimwagilia unaongeza tatizo lilelile. Kwenye udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo lakini yameganda, mizizi haiwezi kuyanyonya. Ndiyo maana majani machanga ya katikati yanakuwa ya njano wakati ya zamani bado kijani. Ingekuwa ni upungufu wa naitrojeni, njano ingeanzia majani ya chini.

Makosa mengine matatu ni ndoo ndogo, jua la nusu siku na maji ya kila siku. Mnanasi unahitaji jua kamili kwa muda wa saa 6 kwa siku, kwa uchache. Maji unataka machache, kwa sababu umeumbwa kuishi pakavu: vitundu vya kupumulia vya majani yake hufunguka usiku na kufungwa mchana, hivyo haupotezi maji kama mchicha.

Dawa yake ni kuuhamisha, si kuung'oa na kutupa. Chukua ndoo ya lita 20. Toboa matundu 8 kwenye kitako kwa msumari mnene uliopashwa moto, kila moja liwe la upana wa sentimita 1 hivi, na ongeza mengine 4 pembeni, sentimita 2 juu ya kitako. Usijaze kokoto chini kama watu wanavyopenda kufanya. Kokoto hazisaidii maji kutoka, zinapandisha tu tabaka lenye unyevu likaribie mizizi, na zinakula nafasi. Weka kipande cha wavu wa dirisha juu ya matundu basi.

Mchanganyiko: sehemu 2 za udongo mwekundu wa kichanga usio na vijiwe vyeupe, sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni (wa baharini una chumvi na makombe, yaani chokaa ileile), na sehemu 1 ya mboji au samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina harufu. Samadi ya kuku iache, ni kali na inaunguza mizizi. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ni mazuri sana kwa kufanya udongo uwe mwepesi, lakini yaloweke kwenye maji baridi siku 3 na kubadilisha maji kila siku, kwa kuwa hubeba chumvi. Kipimo cha mwisho: jaza ndoo, mwaga lita 2 za maji. Yakikaa juu ya udongo zaidi ya dakika moja au mbili, ongeza mchanga.

Wakati wa kuhamisha, bandua majani makavu ya chini. Chini yake utaona vijizizi vifupi vya kahawia vilivyojizungusha kwenye shina. Hivyo vinasubiri udongo, kwa hiyo panda kwa kina kinachovifunika, lakini udongo usifike kwenye moyo. Moyo ukikaa ndani ya udongo unaoza. Mizizi ya mnanasi hukatika upesi, usiikung'ute. Baada ya hapo usiupeleke kwenye jua la siku nzima kwa mara moja. Ongeza saa moja kila siku 2, la sivyo majani yanaungua na kubaki na mabaka meupe yasiyopona.

Maji: chomeka kidole. Sentimita 5 za juu zikiwa kavu, lita 1 hadi 1.5. Kiangazi cha Dar hiyo ni kama mara 2 kwa wiki, masika huenda usimwagilie kabisa. Kinga maji ya mvua ukiweza.

udongo_tindikali ameongeza:

Nimesahau chuma. Ukishahamisha, majani ya njano utayarudishia rangi kwa kunyunyiza salfeti ya chuma, inapatikana maduka ya pembejeo, gramu 5 kwa lita 1 ya maji ya mvua na tone moja la sabuni ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Jioni, kila wiki 2, mara 3. Maji yakigeuka rangi ya kutu kabla hujanyunyiza, chuma kimeshaganda, umejisumbua bure. Hilo hutokea sana kwa maji ya kisima. Kamua ndimu nusu kwenye lita hiyo kabla ya kutia chuma, itabaki safi. Usinyunyize juani.

kabaidi_si_pipi amejibu:

Mkuu hapo juu ameeleza vizuri, mimi niende kwenye kabaidi maana ndiyo inayoumiza watu.

Kabaidi ya mafundi ikikutana na maji inatoa gesi ya asetilini. Mnanasi unaipokea gesi hiyo kama vile ni ethilini, ile gesi ambayo matunda yanayoiva huitoa, na moyo wake unaacha kutengeneza majani, unaanza ua. Jambo lenyewe si geni. Katika visiwa vya Azores vya Ureno, karne ya 19, waligundua kwamba moshi ulioingia kwenye nyumba za vioo za minanasi uliifanya ichanue yote kwa pamoja, na moshi huo ndani yake ulikuwa na ethilini.

Wakulima wa mashambani hutumia punje ya kabaidi yenye ukubwa wa punje ya mahindi, wanaiweka moyoni mwa mmea ambako kuna maji kama mililita 30 hadi 50, jioni au alfajiri, na wanarudia baada ya siku 2 au 3. Inafanya kazi. Lakini hatari zake zijulikane: gesi hiyo inashika moto kirahisi mno, kwa hiyo hakuna sigara, jiko wala taa ya chemli karibu. Kamwe usichanganye kabaidi na maji kwenye chupa iliyofungwa, inapasuka. Vumbi lake likiingia jichoni au kwenye mkono wenye jasho linaunguza. Kabaidi ya viwandani pia ina mabaki ya sumu kama aseniki, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukataza watu kuivishia matunda. Kwa mmea mmoja barazani penye watoto, sioni haja yake hata kidogo.

Njia ya nyumbani ni tunda bivu. Vitabu vya nchi za baridi vinasema tufaha, lakini huku pasheni ni bora, ni miongoni mwa matunda yanayotoa ethilini nyingi kuliko mengi tunayoyajua. Pasheni 4 au 5 zilizoanza kukunjamana, au ndizi mbivu 3 zenye madoadoa. Fanya hivi: mwaga maji yaliyotuama moyoni kwa kuinamisha ndoo. Kusanya majani juu, uyafunge kwa kamba laini bila kuyabana. Weka matunda juu ya udongo kando ya shina. Kisha funika mmea mzima. Mifuko ya nailoni ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na hata hivyo haikutosha kwa mmea wa mita moja. Pipa safi la plastiki la lita 100 au zaidi likigeuzwa juu chini linafaa zaidi, ukilisimamisha sakafuni kuizunguka ndoo. Pipa likiwa fupi, tumia karatasi ya nailoni ya kitalu, uifunge chini kuzunguka ndoo.

Funika saa 12 jioni, funua saa 1 asubuhi. Usiku 5 mfululizo. Wengi wanafunika siku nzima, mmea unapikwa ndani ya plastiki na kukauka, halafu wanasema njia haifai. Vitundu vya majani hufunguka usiku, kwa hiyo gesi ya usiku ndiyo inayoingia. Ya mchana ni ya kuupasha moto tu.

Na acha urea (mbolea ya naitrojeni) mwezi mmoja na nusu hadi miwili kabla ya zoezi. Mnanasi ulioshiba naitrojeni unapuuza gesi, unaendelea kutoa majani. Hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya kufunika na kukosa ua.

kibaraza_tegeta ameuliza tena:

Nashukuru sana wakuu. Nimegeuza majani leo kabla ya kuhamisha, chini kabisa kwenye maungio ya majani na shina nimekuta vitu vyeupe kama pamba, na sisimizi wengi wanapita. Ni ukungu? Na mbolea sasa niweke ipi?

udongo_tindikali amejibu:

Hao ni vidung'ata, si ukungu. Mkwaruze mmoja kwa kucha: akitoa majimaji ya waridi au rangi ya machungwa, ni mdudu. Wananyonya utomvu kwenye shina na mizizini, na pamoja nao huja virusi vya mnyauko. Dalili za mnyauko ni majani kugeuka wekundu wa waridi, ncha kukauka na kukunjika kuelekea chini, na mizizi kufa. Ukifika hapo, toa uutupe mbali, usichukue hata chipukizi lake. Wako una njano ya chuma tu, kwa hiyo bado umewahi.

Anza na sisimizi. Wao ndio wanaowabeba vidung'ata kutoka mmea hadi mmea na kuwalinda dhidi ya maadui zao, kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa. Sisimizi wakibaki, vidung'ata watarudi hata ukiwaosha kila wiki. Simamisha ndoo juu ya matofali 3 ndani ya beseni lenye maji kidogo na matone ya sabuni, maji yasifikie kitako cha ndoo, na majani yasiguse ukuta maana watapita huko. Beseni hilo libadilishwe maji kila siku 3.

Kisha ukiutoa kwenye ndoo ya zamani, bandua majani yote makavu ya chini, ndiyo nyumba yao. Osha shina kwa maji ya sabuni ya maji, kijiko 1 cha chai kwa lita 1, kwa mswaki wa zamani, ukiingiza kwenye maungio. Suuza baada ya dakika 15. Rudia kwa kunyunyiza baada ya siku 7 na siku 14, maana waliojificha hawafi siku ya kwanza. Udongo wa ndoo ya zamani usiutumie tena.

Mbolea: wiki 4 za kwanza baada ya kuhamisha hakuna, mizizi haipo. Baada ya hapo urea kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa kwa lita 1 ya maji, umimine kwa kopo juu ya majani jioni, kila wiki 3. Mnanasi hunywa kupitia maungio ya majani na vijizizi vilivyojificha humo, kwa hiyo ni kumimina juu, si kwenye udongo pekee. Ukizidisha, ncha zinakauka. Pamoja na hiyo, NPK ya 17-17-17 (mbolea ya naitrojeni, fosforasi na potasiamu) kijiko 1 cha chai kila miezi 2, ukiitawanya kwenye maungio ya majani ya chini yaliyozeeka. Punje ya NPK isiangukie moyoni, itauchoma na utapata majani yaliyopinda.

Majivu basi. Moja kwa moja.

thika_juu amejibu:

Ndugu, nyongeza kwa walio nyanda za juu. Mashamba makubwa ya Thika yako zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na mnanasi unastawi huko, lakini kila hatua inachukua muda zaidi kuliko pwani. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 mmea unasimama, hauendi mbele wala nyuma. Nairobi, Arusha na Mbeya usiku wa Juni hadi Agosti ndivyo ulivyo. Weka ndoo kando ya ukuta unaopigwa na jua la jioni, ukuta unautolea joto usiku. Na punguza maji miezi hiyo. Baridi pamoja na udongo wenye maji ndio mwanzo wa kuoza moyo.

Kuoza moyo mtu akitaka kukujua mapema: shika jani la katikati, livute taratibu. Likitoka bila kubisha, kitako chake kimekuwa cheupe laini chenye ukingo wa kahawia na kinanuka, moyo umekufa. Ni ugonjwa wa maji yaliyotuama, kupanda kwa kina na udongo kurukia katikati wakati wa mvua. Usikimbilie kutupa mmea lakini. Acha ukauke wiki 2, mara nyingi shina linatoa chipukizi pembeni, hilo ndilo la kuendelea nalo.

Usiku wa baridi nao una faida yake, ndio kichocheo cha asili. Mmea uliofikisha ukubwa ukipitia Juni na Julai huchanua wenyewe bila pasheni wala kabaidi, na nanasi linaiva kuanzia Desemba au Januari pwani, huku kwetu linachelewa zaidi. Kwa hiyo ukiuona mkubwa mwezi Mei, subiri kidogo, labda hutahitaji pipa.

kishungi_kavu amejibu:

Swali la kuanza upya halijajibiwa, na ndilo ambalo wengi wataingia humu kulitafuta.

Kama unapata chipukizi la shinani kwa mkulima, chukua hilo, la urefu wa sentimita 30 hivi, utaokoa miezi 6 au zaidi. Ukiwa na kishungi tu, chagua nanasi ambalo kishungi chake ni kijani hadi katikati na majani ya kati hayavutiki. Nanasi lililokaa kwenye friji liache, baridi huua moyo wa kishungi hata kama kwa nje kinapendeza.

Usikate kwa kisu. Shika tunda kwa mkono mmoja, kishungi kwa mkono mwingine, zungusha kama unafungua chupa, kinatoka na kigogo chake safi. Nyama ya tunda ikibaki imeng'ang'ania, ikwangue yote, hata kidogo inaozesha na kuita sisimizi. Bandua majani ya chini moja moja hadi uone sentimita 3 za kigogo. Utaona vidoadoa vya kahawia kukizunguka, hiyo ndiyo mizizi. Kisha kigeuze juu chini, kikae kivulini penye upepo siku 4 au 5 mpaka kidonda kikauke. Hii hatua watu wanairuka, na ndiyo inayofanya vishungi 10 vipandwe na viote 4.

Kuotesha kwenye glasi ya maji kunawezekana, mizizi inatoka baada ya wiki 2 au 3 ukibadilisha maji kila siku 2. Lakini mizizi ya majini ni dhaifu, ikiingia udongoni mingi hufa na mmea unaanza tena. Ni nzuri kwa kuwaonyesha watoto. Kwa tunda, panda moja kwa moja kwenye udongo, kina cha sentimita 5, kandamiza kwa vidole kisisimame legelege, mwagilia mara moja, kisha subiri wiki nzima. Kikiyumba ovyo baada ya wiki 6, hakijashika. Kikishikilia unapokivuta taratibu, kimeota.

Unaweza kuanzia kwenye kopo la lita 3 na kuhamishia lita 20 baada ya miezi 5 au 6. Kwenye ardhi, acha sentimita 30 kati ya mmea na mmea kwenye mstari, na sentimita 60 kati ya mistari, ukipanda mistari miwili miwili na njia ya sentimita 90 katikati. Wenye kiwanja kidogo wasahau njia hiyo, ila wakumbuke kwamba aina yenye miiba haipandwi kando ya mlango.

Jambo jingine hakuna aliyeligusa: maji yanayotuama kwenye maungio ya majani. Mbu wa Aedes wanataga humo, na hao ndio wa dengue. Kwa mimea 2 au 3 barazani, mara moja kwa wiki suuza maungio kwa maji ya bomba yenye nguvu, au inamisha ndoo yamwagike. Usitie mafuta ya taa, utaua mmea.

kabaidi_si_pipi amejibu:

Nimalizie upande wa tunda, ili asije akauliza tena baada ya mwaka.

Baada ya usiku 5 wa pasheni hutaona kitu kwa wiki 6 hadi 8. Usirudie kwa haraka. Dalili ya kwanza ni moyo kupanuka na majani ya kati kuwa mafupi, kisha kitu chekundu kama koni ndogo kinachungulia. Wiki 8 zikipita bila kitu, rudia mara moja, na ujiulize kuhusu urea. Maua ni ya zambarau, yanafunguka machache kila siku kuanzia chini kwenda juu, wiki 2 hadi 4. Tangu koni ichungulie mpaka kuvuna, hesabu miezi 5 hadi 6.

Wakati huo ongeza potasiamu, kijiko 1 cha chai cha salfeti ya potasi mara maua yakikauka, na kingine baada ya mwezi. Hiyo ndiyo inayoleta utamu na harufu. Naitrojeni nyingi wakati huu inaleta tunda kubwa lenye maji lisilo na ladha, na kishungi kirefu.

Kikonyo kikianza kulala, chomeka fito 3 kulizunguka tunda na kuzifunga. Tunda lililolala linaungua na jua upande mmoja: ganda linapauka, halafu linakuwa la kahawia, na ndani nyama inakauka kama sifongo. Kwa Dar funika upande wa magharibi kwa nyasi kavu, au kusanya majani marefu ya mmea wenyewe uyafunge juu ya tunda. Macho ya tunda (vile vigamba vya ganda lake) yakianza kugeuka njano, kunguru wataliona kabla yako. Geuza tenga juu yake, likandamizwe kwa jiwe, panya nao watashindwa.

Kuvuna: usingoje liwe njano lote. Kwa aina hii ya Kiwangwa, njano ikifika theluthi moja kutoka chini, macho yakawa bapa na harufu ikasikika kwenye kitako, limekomaa. Miezi ya joto huku pwani linaweza kuwa tamu likiwa bado na ukijani mwingi, kwa hiyo harufu iaminiwe kuliko rangi. Lakini usilivune changa ukitegemea litaiva kabatini. Nanasi halina wanga wa kugeuza kuwa sukari, utamu wote unatoka shinani, ukilikata umefunga bomba. Litalainika na kubadilika rangi, halitaongeza utamu. Kata kwa kisu kikali, uache sentimita 5 za kikonyo. Kwenye ndoo ya lita 20, tunda la kilo moja hivi ni zuri.

Shina lililozaa halizai tena. Lakini pembeni litakuwa limetoa machipukizi. Acha moja tu, lile la chini zaidi lililo karibu na udongo, kata majani ya mama yake nusu ili lipate jua, na endelea na urea kama mwanzo. Hilo linazaa baada ya miezi 12 hadi 14, tunda dogo kidogo kuliko la kwanza. Mengine yang'oe yakifika sentimita 30, uyakaushe siku 4 na kuyapanda. Baada ya tunda la pili badilisha udongo wote, na kabla ya kujaza mpya piga mswaki ndoo ndani kwa maji ya sabuni, vidung'ata hujificha kwenye matundu ya kitako.

kibaraza_tegeta:

Nimepata udongo mwekundu usio na vijiwe, na ndoo imeshatobolewa matundu 12. Mmea umeoshwa, chini kulikuwa na vijizizi vingi vya kahawia kama mlivyosema, mizizi ya zamani nusu ilikuwa imeoza. Umepandwa jioni hii, sasa uko juu ya matofali ndani ya beseni. Majani nitayahesabu tena mwezi wa tatu kuanzia sasa na kuleta vipimo hapa.

udongo_tindikali:

Pima jani lilelile refu, kutoka udongoni hadi ncha. Na hesabu majani mapya ya katikati peke yake: ukipata 3 au 4 kwa mwezi, mizizi imeshika. Ukipata 1, chomeka kidole uangalie maji kabla ya kufikiria mbolea.